Waliokwenda Lancaster

Katiba iliyotutoa ukoloni haikuvuka mwaka mmoja ikiwa nzima. Ilianza kazi tarehe 12 Disemba 1963. Tarehe 12 Disemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na katika mabadiliko hayohayo ya jamhuri majimbo yakaanza kunyofolewa nguvu zake. Walionyofoa hawakuwa wakoloni, wala wajukuu waliosahau historia. Ni walewale waliokwenda London mara tatu, wakagombania kifungu baada ya kifungu, wakarudi nyumbani kupokewa kwa vigelegele.

Naandika juu ya kizazi hicho sasa kwa sababu sisi tuliowaona kwa macho tunazidi kupungua, na vijana wameachiwa njia mbili tu za kuwazungumzia: kuwasujudia kama mitume, au kuwaita vibaraka wa Mwingereza. Njia zote mbili ni za uvivu. Walikuwa watu, tena hodari mno kwa jambo moja na dhaifu mno kwa jingine. Walijua kudai. Kukilinda walichokipata, pale ambapo ulinzi wenyewe ungewabana wao, hapo wengi waliteleza.

Mkutano wa kwanza wa katiba ulifunguliwa tarehe 18 Januari 1960 katika jumba la Lancaster, London, chini ya Iain Macleod, waziri wa makoloni. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa siku sita kabla yake. Kiongozi wa wajumbe wa Kiafrika alikuwa Ronald Ngala, mwalimu kutoka Giriama, na katibu wao Tom Mboya, mwenye umri wa miaka 29. Walikuwamo Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Julius Kiano, Taita Towett, na wa kwetu Mombasa, Francis Khamisi, aliyewahi kulihariri gazeti la Baraza. Jomo Kenyatta hakuwapo. Alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Wengi wao hawakuwa wametimiza miaka arobaini. Leo mtu wa umri huo huitwa kiongozi wa vijana wa chama.

Mambo yalikwama mapema. Wajumbe walitaka Mbiyu Koinange awe mshauri wao. Walowezi walimwona kuwa ni mtu wa Mau Mau na hawakutaka hata kumsikia. Waafrika wakasusia vikao. Wakuu wa makoloni walihangaika siku kadhaa, mwishowe ikapatikana dawa ya ajabu: Koinange apewe kibali cha kuingia katika jumba, lakini asitie mguu katika chumba cha mkutano. Yaani akae ukumbini, na wenzake wawe wakitoka kumnong'oneza na kurudi.

Watu hukicheka kisa hicho. Mimi hukitazama kwa jicho jingine. Waliosusa kwa ajili ya Koinange, Mkikuyu kutoka Kiambu, ni pamoja na Ngala wa Pwani, Moi wa Baringo na Muliro wa Bukusu. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa kwetu au wa kwao. Miaka miwili baadaye wajumbe wa ujumbe ule ule walikuwa wamekaa pande mbili za meza moja, kila upande ukiamini kwamba ukizubaa, mwenzake ataimeza nchi.

Katika safari ile ya 1960 walikuwa na mshauri mwingine aliyeruhusiwa kuingia. Alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mweusi wa Marekani aliyeshinda mwaka 1954 ile kesi maarufu dhidi ya ubaguzi katika shule. Alitayarisha rasimu ya haki za raia. Jambo linalonigusa ni kwamba Marshall alitoka katika watu ambao nchini kwao walikuwa wachache na walidhulumiwa kwa sababu hiyo. Alipofika kwetu alijiona anawaandikia watu watakaokuwa wengi. Akaandika kifungu kwa kifungu jinsi Mzungu na Mhindi wa Kenya watakavyolindwa, mali zao pamoja na roho zao, siku Mwafrika atakaposhika dola. Haki zilizoingia katika katiba hatimaye zilifuata zaidi mfano wa Nigeria kuliko rasimu yake, lakini fikra yake ndiyo ninayoitaka. Aliandika akijiweka mahali pa yule atakayeshindwa.

Macleod alitoa uamuzi uliowapa Waafrika wingi katika baraza la kutunga sheria: viti 65, na 33 kati yake vya kupigiwa kura na watu wa rangi zote. Walowezi waliona wameuzwa. Michael Blundell, Mzungu aliyekubali kuafikiana, alipotua Nairobi alitupiwa miguuni mfuko wenye vipande thelathini vya fedha, kama alivyolipwa Yuda. Kwa Waafrika ilikuwa sherehe. Sherehe haikudumu.

Ilipofika Juni 1960 tayari kulikuwa na vyama viwili, KANU na KADU. Tukisema ukweli bila kupaka mafuta, kilichowatenganisha ni hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya ardhi. Mzungu akiondoka katika nyanda za juu, nani atakaa pale? Wakalenjin na Wamaasai walikumbuka kwamba mashamba yale yalikuwa malisho yao. Wakikuyu walikuwa wamebanana, wengine wamekwishahamia kule kama vibarua tangu enzi za babu zao. Huku Pwani Wamijikenda walikuwa na hofu ya bara zima. Walioogopa kwamba hawatakuwa wengi wakaingia KADU. Wakaomba majimbo.

Mkutano wa pili ulianza tarehe 14 Februari 1962 na kumalizika tarehe 6 Aprili. Safari hii Kenyatta alikuwapo, ametoka kifungoni Agosti iliyotangulia. KADU walikwenda na mtaalamu kutoka Uswisi, Eduard Zellweger, kwa sababu Uswisi ni nchi ya majimbo. Waliketi wiki saba na zaidi, wakichoshana. Katika umati ule wa wanaume mlikuwa na mwanamke mmoja tu wa Kiafrika, Priscilla Abwao. Nalitaja hapa kwa sababu matokeo yake yaliandikwa: chini ya katiba ile mwanamume Mkenya aliweza kumsajilisha mkewe mgeni kuwa raia, lakini mwanamke Mkenya hakuweza kufanya hivyo kwa mumewe. Bunge la kwanza la uhuru halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa; tulingoja hadi 1969 tukampata Grace Onyango. Wanaosema idadi mezani si hoja waangalie hilo.

Waliotoka nacho mwaka ule na uliofuata ni chombo kigumu sana. Majimbo saba, kila moja na baraza lake, na Nairobi peke yake. Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Na kufuli la mwisho: vifungu vya msingi visiguswe bila asilimia 75 ya baraza la wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Asilimia tisini! Walioandika hivyo walikuwa wamekwishakata tamaa ya kuaminiana.

Basi hapa ndipo ninapowashtaki wale wa KANU, na nawashtaki kwa maneno yao. Walitia sahihi wakiwa na nia ya kubadilisha. Jaramogi Odinga hakuficha. Katika kitabu chake cha 1967 alieleza kwamba walikubali katiba wasiyoitaka ili wapate serikali kwanza, mengine wayarekebishe wakiwa ndani. Kisiasa ilikuwa hesabu nzuri, na uhuru haungengoja mpaka kila mtu aridhike. Lakini mtu anayetia sahihi huku amekwishaamua kutotii anawafundisha wengine nini juu ya sahihi? Na KADU nao, siwaachi. Walidhani asilimia zitawalinda. Waliweka imani yao yote katika hesabu, wakasahau kuwatafuta watu wa upande wa pili wa kuwalinda.

Wapwani tulikuwa na kesi yetu ndani ya kesi. Nilikuwa mvulana wa shule Mombasa, na barazani jioni hakukuwa na mazungumzo mengine. Mjomba wangu alikuwa mtu wa Mwambao damu na nyama. Alitaka ule ukanda wa maili kumi, ambao kwa mkataba wa 1895 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza, uwe na mamlaka yake wenyewe. Jirani yetu wa mkabala, Mrabai, alikuwa KADU, na kila mjomba akitaja bendera ya Sultani yeye alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Mzee, bendera hiyo kwangu ni ya nani?" Walikunywa kahawa pamoja. Hawakujibizana kwa matusi. Lakini swali lile mjomba hakupata kulijibu.

Jibu lilitolewa London, tena kwa barua. Tume ya Sir James Robertson ilikuwa imekwishapendekeza mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Mwezi wa Oktoba 1963, wakati wa mkutano wa tatu, Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua zenye ahadi tano. Uhuru wa dini. Mahakama za Kadhi zidumu. Maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu, kadiri inavyowezekana, wawe Waislamu. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, kadiri inavyowezekana. Na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitambuliwe daima.

Someni tena mtazame mahali palipowekwa "kadiri inavyowezekana" na mahali pasipowekwa. Hati za ardhi hazikuwekewa maneno hayo. Ndiyo ahadi iliyotimizwa bila kuchoka. Mgiriama aliyezaliwa na kuzika wazazi wake katika shamba lisilo na jina lake katika hati alibaki skwota, na mjukuu wake ni skwota hadi leo, huku mwenye hati akiishi mbali, pengine hata hajui minazi imebaki mingapi. Wenye kulima ardhi ile hawakuwa na mtu katika barua zile. Ngala alikuwa London mwezi huo, lakini alikuwa kiongozi wa upinzani, na barua zilikuwa za serikali mbili. Miezi minne haikupita, tarehe 12 Januari 1964, Sultani akapinduliwa na Shamte akaenda jela. Mmoja wa waliotia sahihi akawa hana tena nchi ya kudai ahadi kwa jina lake. Hata hivyo Mahakama za Kadhi zimebaki, zimo hata katika katiba ya 2010, na mtu asije akatuambia kwamba tulihurumiwa. Ilikuwa bei ya mkataba.

Kaskazini hali ilikuwa mbaya zaidi. Wasomali wa NFD, ile wilaya ya mpaka wa kaskazini, walipeleka ujumbe London mwaka 1962 wakitaka kujiunga na Somalia. Tume ikaenda kuwasikiliza, ikasikia kwamba wengi wao ndivyo walivyotaka, kisha ikafanywa kinyume. Mwezi wa uhuru haukwisha kabla ya hali ya hatari kutangazwa huko. Kwao katiba ya uhuru ilianza kwa kusimamishwa.

Mkutano wa tatu, Septemba hadi Oktoba 1963, ulikuwa wa kulegeza kufuli. KANU walikuwa wameshinda uchaguzi wa Mei na sasa walizungumza kama serikali. Duncan Sandys, waziri wa makoloni wa wakati huo, aliwaelekea wenye nguvu, kama Waingereza walivyofanya kila mahali walipokuwa wanafunga virago. KADU wakatishia kugawa nchi, wengine wakatoa hadi ramani. Hawakugawa. Ikapitishwa kwamba asilimia zikikosekana bungeni, jambo laweza kupelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Kufuli likapata ufunguo wa pili.

Kubomoa kulikwenda haraka. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni kutangaza kwamba KADU imevunjwa. Mswada wa jamhuri aliousimamia Mboya, waziri wa sheria, ukapita. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65 katika nyumba zote mbili. Seneti iliunganishwa na baraza la wawakilishi kwa kura za maseneta wenyewe. Walipewa viti 41 vipya vya ubunge, jumla ya viti vya kuchaguliwa ikawa 158, na uhai wa bunge ukaongezwa hadi 1970. Nani akatae? Sijapata kuona nyumba ikibomolewa kwa utulivu namna ile, wenyeji wenyewe wakipitisha matofali.

Sasa tazameni yaliyowapata.

Aprili 1966 Odinga na wenzake walitoka KANU wakaunda KPU. Katiba ikabadilishwa upesi: mbunge akihama chama, arudi kwa wapiga kura. Mwaka huohuo serikali ikapewa nguvu za kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku na Odinga akafungiwa. Kinga ambazo zingemfaa ni zile alizozihesabu kuwa vizuizi vya Waingereza. Mboya hakufika huko. Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katikati ya jiji la Nairobi, mchana. Alikuwa na miaka 38, na ndiye, kwa maoni yangu, mwenye akili kali kuliko wote waliopita Lancaster. Akili hiyo aliitumia nusu kujenga na nusu kubomoa.

Lakini anayenishangaza zaidi ni Moi. Huyu alikuwa mwenyekiti wa KADU. Huyu alikaa London akidai majimbo, akieleza kwa nini kabila dogo haliwezi kulala salama chini ya serikali moja ya Nairobi. Akatawala miaka 24, na Juni 1982 bunge lake likaingiza kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tena kilipitishwa wakati Odinga, mzee sasa, alipokuwa anajaribu kuunda chama kingine. Mwaka 1988 yakaondolewa hata yale yaliyowalinda majaji wasifukuzwe ovyo. Hakuna hoja dhidi ya Moi wa 1982 iliyo nzuri kuliko zile alizozitoa Moi wa 1962.

Wako waliosema kwamba alibadilika. Sidhani. Nadhani hakupata kuamini majimbo, kama vile Odinga wa 1964 hakuwa adui wa haki. Kila mmoja alitaka kinga akiwa mchache, na alipokuwa mwingi akaona kinga ni usumbufu. Kizazi kizima kiliiona katiba kwa jicho la mahali kilipokaa siku hiyo.

Si wote. Masinde Muliro alikuwa KADU, akaingia KANU pamoja na wenzake, akawa waziri. Mwaka 1975, ripoti ya bunge juu ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki ilipoletwa, Muliro alipiga kura na bunge dhidi ya serikali yake mwenyewe, akafutwa uwaziri. Mwaka 1991 alikuwa pamoja na Odinga katika FORD, wakidai kile kifungu cha 2A kiondoke, na Disemba kikaondoka. Walikuwa wazee wawili waliokaa pande mbili za meza mwaka 1962. Ilichukua karibu miaka thelathini wakutane tena upande mmoja, kama siku zile za kibali cha Koinange. Muliro alifariki Agosti 1992, Odinga Januari 1994.

Haki yao niwape pia. Walikuwa hawana mfano wa kuiga isipokuwa serikali ya gavana, ambaye alitawala kwa amri, na kiti chake ndicho walichorithi. Vifungu vyenyewe viliandikwa na mawakili wa Kiingereza baada ya mabishano yao. Mwananchi hakuulizwa. Sisi huku tulisikia habari kwa redio ya Sauti ya Mvita na kwa wasomaji wa magazeti, tukashangilia bila kujua tulichoshangilia. Walipobomoa hatukupiga kelele kwa sababu hatukuwa tumejenga.

Ndiyo maana mkutano wa katiba wa Bomas ulikuwa jambo kubwa, hata kama ulimalizika kwa zogo. Wajumbe 629, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, 2003 hadi 2004, wakulima, wavuvi, wanawake, watu wa kaskazini, wenye ulemavu. Dakta Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Septemba 2003 mkutano ukiendelea. Rasimu iliyochakachuliwa ikakataliwa na wananchi 2005, nchi ikamwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, na mwishowe tarehe 27 Agosti 2010 tukapata katiba yenye kaunti 47 na Seneti. Vitu ambavyo KADU walivililia London vilirudi, safari hii vikiwa vimepigiwa kura.

Halafu, kama vile historia ina mchezo wake, walikuja wana. Uhuru, mwana wa Kenyatta, na Raila, mwana wa Odinga, wakaleta BBI, mabadiliko makubwa ya katiba hiyo ya 2010. Mahakama Kuu ikayazuia Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Baba zao hawakupata kuambiwa hapana na jaji yeyote juu ya jambo kama hilo.

Haitakuwa mara ya mwisho. Watakuja wengine na mswada, watasema ni kwa ajili ya umoja, au kwa ajili ya kupunguza gharama. Kila mara waulizeni, barazani, msikitini, kanisani, kwenye mikutano ya kaunti: kifungu hiki ungekitaka kama wewe ndiye ungekuwa upinzani? Msikubali jibu la mdomo. Tazameni kwanza mtu huyo alikuwa akisema nini alipokuwa nje ya serikali. Magazeti yamehifadhiwa, na kumbukumbu za bunge zipo.